Masega Yaliyolala Bila Gesi

Ijumaa, tarehe 18 Septemba 2009. Mvua ilianza kabla ya mapambazuko na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Mitaa ya Salt Lake ilijaa maji mpaka kwenye vizingiti, na hewa ya Kolkata ilikuwa nzito kama shuka iliyotolewa kwenye ndoo bila kukamuliwa.

Ketaki Samaddar alifika maabara sari yake imelowa hadi magotini, na tayari alikuwa amegombana na watu wawili. Wa kwanza ni mwendesha riksho aliyemtaka nauli mara mbili kwa sababu ya mvua. Wa pili ni askari wa getini, aliyemdai kitambulisho ilhali amekuwa akimfungulia geti lile lile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Watu wa maabara walikwisha kumzoea. Walisema Dada Ketaki huamka na ugomvi kama wengine wanavyoamka na kikohozi, na kwamba ukimwacha akafika mezani kwake na kunywa chai, unapungua.

Siku ile haikuja chai.

Katika ukumbi wa ghorofa ya pili, juu ya meza ndefu, yalilala masega kumi. Hilo ndilo jina mafundi waliloyapa, maana kila moja lilikuwa bamba la shaba lenye vijumba vya pembe sita, maelfu kwa maelfu, kama sega la nyuki. Katikati ya kila kijumba ulipita waya mwembamba kuliko unywele, umepakwa dhahabu, na ndani yake gesi kavu ilitakiwa kupita usiku na mchana bila kukatika. Chembe ikipita kwenye kijumba, waya hutoa mshtuko mdogo wa umeme, na mshtuko huo huhesabiwa. Kazi nzima ya sega ni hiyo, kuhesabu. Jumamosi asubuhi lori lilikuwa lije kuyachukua kwenda uwanja wa ndege, yavuke bahari mpaka kwenye mashine kubwa inayogonganisha viini vya atomi za dhahabu.

Mwishoni mwa mpira wa gesi pana kichupa cha mafuta. Gesi ikipita, mapovu hupanda. Ketaki alikitupia jicho kama afanyavyo kila asubuhi kabla hata ya kuweka mwavuli chini. Mafuta yalikuwa yametulia tuli.

Alikwenda kwenye mtungi, akashika koki ya gesi. Imefungwa.

"Nani kafunga gesi?"

Bulbuli, fundi aliyepitisha nusu ya nyaya zile kwa mikono yake, alikuwa peke yake ukumbini akikausha nywele kwa taulo. Akaendelea kukausha.

"Bulbuli, nakuuliza wewe au naliuliza taulo?"

"Muulize kaka Haripada, dada. Mimi nimekuja kazini tu."

Ketaki hakumsubiri Haripada. Alifungua gesi, akawasha volti za sega la kwanza, akazipandisha kidogo kidogo huku akiangalia mshale wa mita. Sega kavu halivujishi umeme, na mshale hukaa chini kama mtu aliyeshiba. Huu ulinyanyuka kabla hata ya nusu ya volti, ukatetemeka, ukaruka, ukarudi, ukaruka tena. Alizima. Akajaribu la pili, kisha la tatu. Alipofika la nne, Bulbuli alikwisha kuweka taulo chini na kusogea karibu.

Unyevu ulikuwa umeingia ndani ya masega.

Ili mtu aelewe kwa nini mwanamke huyu wa miaka hamsini na moja alitoa sauti iliyosikika hadi kantini, lazima ajue alichokuwa akikisubiri.

Ketaki alizaliwa Bhatpara, kwenye safu ya nyumba za kiwanda cha juti. Baba yake alikuwa karani wa kiwanda na mtu wa chama cha kikomunisti, mkali, asiyeamini mungu yeyote. Binti alirithi vyote, ukali na kutoamini, akaongeza akili ya hesabu iliyompeleka chuo kikuu. Huko, mwalimu mmoja aliandika ubaoni kwamba ndani ya kila protoni na kila nutroni mna chembe tatu ziitwazo kwaki, na kwamba hakuna aliyewahi kuiona kwaki imesimama peke yake, kwa kuwa kadiri unavyoivuta ndivyo kifungo chake kinavyozidi kukaza. Ketaki aliliona jambo hilo kama dhuluma. Tangu siku hiyo hakutaka kusoma kingine.

Njia za kuzifungua kwaki ni mbili. Ya kwanza ni kupasha joto, nyuzi kama trilioni mbili, moto unaoupita ule wa katikati ya jua zaidi ya mara laki moja. Ya pili ni kubana, mpaka protoni ziingiliane na kwaki isijue tena ni ya nyumba ipi, kama inavyodhaniwa huwa katikati ya nyota zilizokufa na kusinyaa. Wakubwa wa dunia walipenda njia ya joto. Waligonganisha viini kwa nguvu zote za mashine, wakitazamia kupata gesi ya kwaki, wakapata kitu kinachotiririka kama kimiminika, tena kwa msuguano mdogo mno. Walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kwa nguvu kubwa namna ile viini hupenyana na kupitana, vikaacha nyuma yao moto mtupu usio na msongamano. Ukitaka kubana, alisema Ketaki, punguza nguvu, ili viini vikwame kila kimoja ndani ya mwenzake.

Alilisema hilo miaka mingi, na wengine waliolisema walikuwa wachache. Kwenye joto tupu, maada hugeuka polepole, kama samli inavyolainika juani. Kwenye msongamano mkubwa huenda hugeuka kwa kishindo, kama maji yanavyochemka. Kama ni hivyo, basi mahali fulani kati ya hizo tabia mbili pana nukta ambapo maada haijui ishike njia ipi, na hapo hutetema: mgongano mmoja hutoa chembe tele, na mwingine uliofanana nao kwa kila kitu hutoa chache. Kompyuta zilizokokotoa joto vizuri kabisa hukwama ukiongeza msongamano, maana namba kubwa hufutana zenyewe na kubaki hewa. Kwa hiyo nukta hiyo, kama ipo, haipatikani kwa kalamu. Ni kwenda kutazama.

"Kununua mashine ya gharama ile halafu uiendeshe taratibu?" mkubwa mmoja alimwambia zamani, mbele za watu. "Dada, hata teksi za Kolkata zina haraka kuliko wewe."

Hatimaye, mwaka ule, wenye mashine walikubali kutoa wiki chache za nguvu ndogo. Na masega ya Kolkata yalipewa nafasi, karibu na mahali pa mgongano, yahesabu chembe na kuona kama hesabu zinatetema. Wiki hizo ndizo alizokuwa akizisubiri tangu ubao ule.

Haripada Guchhait aliingia ukumbini akiwa amekunja suruali mpaka magotini na viatu mkononi. Alikuwa fundi mkuu, mtu wa Medinipur, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Treni yake ilikwama kwa mafuriko.

"Nilitaka nifungue kabla hujafika," alisema, kabla ya kuulizwa.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Jumatano jioni."

"Ulifunga gesi! Ya masega yanayoondoka kesho! Kwa nini, Haripada? Una kichaa?"

"Jana ilikuwa Bishwakarma, dada."

Siku ya Bishwakarma, mungu wa mafundi, Bengali nzima hainyanyui nyundo. Cherehani inalala, lori linalala, mashine ya kuchapa inalala. Vyombo vinapewa maua na alama ya unga mwekundu, watu wanakula kichuri, wali uliopikwa pamoja na dengu, na kurusha tiara juu ya mapaa. Maabara nayo ilikuwa hivyo kila mwaka. Hata baba yake Ketaki, pamoja na ukafiri wake, siku hiyo alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kichuri kiwandani.

"Miaka yote mmefanya Bishwakarma yenu," Ketaki alisema, "na gesi haikufungwa hata siku moja."

"Kwa sababu miaka yote ulikuwa unakuja kutuomba," Haripada alijibu. "Unakuja Jumanne au Jumatano, unasimama pale mlangoni, unasema, 'Kaka Haripada, yalazeni, lakini yaacheni yapumue.' Nasi tunacheka, tunaweka ua kwenye mtungi, gesi inabaki wazi. Mwaka huu umetuomba?"

Ketaki aligeukia sega la tano, Haripada akaendelea.

"Mwaka huu umesema jina la Bishwakarma lisitamkwe humu ndani. Hatukulitamka. Lakini chombo lazima kilale. Basi tumekilaza kama vinavyolazwa vyombo vingine vyote."

"Na kiyoyozi mkazima!"

"Kiyoyozi nacho ni chombo."

"Mungu wangu!"

"Yupi?" Bulbuli aliuliza, akiangalia pembeni.

"Wewe nyamaza! Na maji matakatifu ya Ganga mlinyunyiza? Semeni tu nijue yote kwa pamoja."

"Tungenyunyiza," Bulbuli alisema, "ila ulikataza."

Haripada hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya shati. "Nilifunga pa kuingilia na pa kutokea, dada. Nilidhani hewa haitapata njia. Hapo nimekosea, nakubali. Ule mpira umevuta unyevu. Lakini usisimame hapo ukaniita mwendawazimu. Kule ng'ambo walikucheka wao, ukarudi kutulipizia sisi."

Hilo lilikuwa kweli, na Ketaki alilijua tangu mwezi wa Julai.

Mwezi huo alikuwa ng'ambo kwenye mkutano wa wote wanaotumia mashine. Detlef Ohlsen, msimamizi wa kufunga vyombo kwenye mashine, mtu mrefu mwenye mzaha, ilipofika zamu ya Kolkata alionyesha ukutani picha aliyopiga alipowatembelea: sega limevishwa shada la maua ya manjano, na alama nyekundu kwenye fremu. "Sijaiona sehemu hii kwenye michoro," alisema. Ukumbi ukaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya sana. Watu walikuwa wamechoka, walitaka kucheka. Ketaki alikaa safu ya tatu, masikio yakiwaka moto. Aliporudi aliwakusanya mafundi na kusema kuanzia leo hii ni maabara, si hekalu la kijijini. Alilisema mbele ya mgeni kutoka Delhi. Haripada alikuwa amesimama na trei ya chai.

Saa nne Profesa Nirupam Kanjilal, mkurugenzi, alishuka mwenyewe kutoka ghorofa ya tano. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepigania bajeti ya masega katika ofisi za Delhi mpaka akapata vidonda vya tumbo, na habari alizoletewa na watu wa kantini zilikuwa zimemfanya ashike tumbo.

"Yote?" aliuliza.

"Saba nimeyapima. Yote saba yanavuja umeme. Matatu yaliyobaki sina tamaa nayo."

"Kuyakausha kunachukua muda gani?"

"Wiki tano kuyakausha na kuyazoesha volti. Kama mvua ikituhurumia."

"Basi yafungeni yaende. Yatakaukia huko."

"Huko tunapewa siku mbili, Profesa. Siku mbili za kufunga, halafu mlango unafungwa mpaka msimu uishe. Hayatakauka. Yatabaki mle ndani yakivuja."

"Ketaki, nisikilize. Nafasi ile ikienda hairudi. Kuna kundi la watu liko nyuma yetu linasubiri tuteleze. Afadhali chombo kibovu mahali pake kuliko chombo kizima sandukuni Salt Lake. Tutasema masika yamechelewa kuisha, bahati mbaya, tutarekebisha kwenye hesabu."

"Utarekebisha nini?"

"Usinipandishie sauti."

"Napandisha! Utarekebisha nini? Sega lenye unyevu linatetema lenyewe, Profesa. Linaruka, linatulia, linaruka. Tazama mshale huo. Na sisi tunakwenda kutafuta nini huko? Tetemo! Tutayaweka pale, yatatetema kwa sababu ya mvua ya Kolkata, na watu watasimama kusema nukta imeonekana. Mimi nitasimama kusema nukta imeonekana! Maana nimeitaka maisha yangu yote, nitaiona hata pasipokuwa na kitu!"

Mvua ilikuwa ikipiga madirisha.

"Lori linakuja kesho," Profesa alisema mwishoni, kwa upole unaokera kuliko ukali. "Mimi ndiye mkurugenzi. Masega yatapanda lori." Akaondoka, mkono ungali tumboni.

Ketaki alibaki amesimama. Alimkasirikia Kanjilal, akamkasirikia Haripada, na Detlef na safu zake za kucheka, na mvua. Hasira ilipomaliza kuzunguka watu wote hao ilimrudia mwenyewe, nayo hakuwa na pa kuitupa. Angeweza kukaa kimya. Hilo ndilo lililomtia hofu. Akikaa kimya, masega yataondoka, wiki zake atazipata, na kosa litakuwa la mkurugenzi.

"Haripada," alisema.

"Naam."

"Nilikuvunjia heshima mbele ya yule mtu wa Delhi. Naomba radhi. Na usinifanye nirudie, maana sitarudia."

Haripada alivaa miwani yake. "Huko ndiko kuomba radhi?"

"Ndiko ninakokujua."

"Ni kubaya," alisema Haripada. "Lakini nimeipokea radhi. Haya, tunafanya nini?"

"Masanduku msiyafunge."

"Profesa atakuja kuuliza."

"Mwambieni mimi nimewatishia. Atawaamini."

"Hilo halina haja ya kusingiziwa," Bulbuli alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile mtu alicheka mle ndani, ingawa si Ketaki.

Jioni, saa ambazo ng'ambo ni asubuhi, alipiga simu akiwa amesimama. Detlef alimpokea kwa furaha, akauliza habari za maua.

"Masega hayaji," Ketaki alisema. "Yameingia unyevu. Nafasi yetu mpe anayefuata."

Sauti ya upande wa pili ikabadilika. "Ketaki, wiki hizi ni zako. Wewe ndiye uliyezipigania. Hakuna namna? Yalete hivyo hivyo, tutaona."

"Yakija hivyo hivyo yatakuonyesha unachokitaka. Mpe anayefuata."

"Imetokea nini?"

Angeweza kusema ni masika, na Kanjilal alikwisha kumtafunia neno hilo. "Gesi ilifungwa siku moja na nusu, kwa sikukuu ya mafundi. Miaka mingine huwa tunakubaliana nao iachwe wazi. Mwaka huu niliwakataza sikukuu yenyewe, kwa hiyo hatukukubaliana chochote. Niliwakataza kwa sababu ya ile picha yako. Uliwachekesha watu mia mbili, nami nikaja kumalizia hasira kwa mafundi wangu. Sehemu yangu nimeibeba. Yako nakuachia."

"Sikujua kama..."

"Sasa unajua. Siku njema."

Alikata, akaketi. Nyumbani Dum Dum, wifi yake alimwekea wali na samaki wa haradali, hakula. Kaka yake aliuliza kuna nini, wifi akamkanyaga mguu chini ya meza.

Asubuhi ya Jumamosi mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Ketaki alifika mapema kuliko siku zote, na safari hii askari alifungua geti bila neno. Lori lilikuwa limekwisha kurudi kinyumenyume mpaka mlangoni, dereva amekaa kwenye ngazi yake akinywa chai ya kikombe cha udongo.

"Geuza lori," alimwambia. "Hakuna mzigo."

"Dada, nimetoka Howrah usiku kwa mafuriko haya, nimesukuma..."

"Nani kakuuliza umetoka wapi? Mzigo hakuna! Panda juu ghorofa ya tano ukamwambie Profesa kwamba Samaddar amekurudisha. Na mwambie nafasi ya ng'ambo nimekwisha kuitoa tangu jana, asijisumbue kupiga simu."

Dereva alimtazama, akamtazama Haripada aliyesimama nyuma yake, akaona hapana msaada. Alimwaga chai iliyobaki, akapanda ngazi akinung'unika.

Haripada na Bulbuli walikuwa wameshasogeza meza. Ketaki alijifunga ncha ya sari kiunoni, akavaa glavu, akashika upande mmoja wa sega la kwanza, Haripada akashika wa pili. Walilipeleka taratibu kwenye kabati la kukaushia, yeye akirudi nyuma, akiwa anamgombeza Haripada kwamba ananyanyua juu mno, na Haripada akimjibu kwamba atazame miguu yake mwenyewe. Sauti ya Profesa Kanjilal ilianza kusikika ikishuka ngazi. Waliliweka sega, wakageuka, wakaenda kuchukua la pili.